Kifurushi Kilichofika Hadi Kitanda cha Sidi

Kaeni vizuri basi, vijana, maana jambo hili nikilianza mikono yangu hupata baridi hata mwezi wa pili, Mombasa nzima inapochemka. Mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukifunga programu na kuzipeleka kwenye seva miaka ya tisini, mkidhani nitawachekesha kwa habari za disketi. Mtacheka, sikatai. Lakini nitawaambia pia habari ya karatasi niliyoiona juu ya kitanda cha mdogo wangu Sidi. Nimestaafu sasa, nina wajukuu, na karatasi ile nikiikumbuka nashtuka vilevile nilivyoshtuka siku ile. Ati mambo yale yalitupata sisi, watu tuliojiona makini kisiwa kizima!

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani Biashara Street, juu ya duka la leso. Mwenyewe alikuwa Bwana Murtaza, Mhindi aliyezaliwa Mji wa Kale, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyeteremka kutoka Kaloleni kutafuta kazi. Aliniajiri kupiga taipu. Nikawa kila nikipata nafasi nasimama nyuma yake kuchungulia skrini, mpaka siku moja akaniambia bila kugeuka, "Dama, shingo itakuuma. Vuta kiti." Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, sikuwa na cheti cha kompyuta wala cha kitu kinachofanana nayo.

Tuliandika programu za wenye maghala kule Mbaraki, za maduka makubwa, na za hospitali moja ya kulipia ambayo siitaji jina, na msiniulize. Programu ya hospitali ilikuwa na vipande vitatu. Kipande cha mapokezi kilimpa mgonjwa namba yake. Cha maabara kiliweka majibu ya vipimo, na cha tatu kilikuwa cha duka la dawa. Kila kipande kilikuwa na mafaili yake chungu nzima. Kazi yangu ilikuwa kuyakusanya mafaili ya kipande kimoja na kuyabana yote yawe faili moja tu, ambalo sisi tuliliita kifurushi, kisha kukitia kwenye disketi na kukipeleka hospitali. Kule seva ilikuwa na amri fupi tuliyoiandika wenyewe. Ukitia disketi, seva hufungua kila kifurushi inachokikuta mle ndani, na mafaili mapya hukaa mahali pa yale ya zamani. Kila inachokikuta, nasema. Haikuwa na habari ya kuuliza hiki kimetoka wapi.

Naona mmoja wenu anakunja uso, mbona hatukutuma kwa mtandao? Mtandao upi, mwanangu? Simu zenyewe mvua ikinyesha zilikuwa zinakoroma tu. Tulitembea kwa miguu, disketi ndani ya kasha la plastiki, kasha ndani ya mkoba, na mkoba kwapani. Bwana Murtaza mwenyewe alipeleka kifurushi Mbaraki jioni moja, akaona apitie ufukweni Mama Ngina ale mihogo ya kuchoma. Muuza mihogo alikuwa na redio yenye spika kubwa, na tajiri wangu akauweka mkoba juu ya ile spika ili apate mikono miwili ya kukamulia ndimu. Spika ina sumaku ndani! Alipofika Mbaraki, seva ikamwambia disketi zake hazina kitu. Alirudi ofisini midomo bado imewaka pilipili, akanitazama, akasema, "Usinicheke, Dama." Nilicheka mpaka wauza leso wa chini wakapanda kuja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo tukawa tunabeba nakala mbili, katika mikoba miwili.

Msije mkamdharau lakini. Mtu yule alikuwa na kanuni moja ambayo hata leo nawasihi muishike. Kifurushi hakitoki mlangoni kabla hakijasomwa kwa sauti. Mmoja anataja faili, mwingine anatazama na kuitikia. "Majina ya wagonjwa." "Lipo." "Bei za dawa." "Lipo." Mwanzoni niliona haya, watu wazima wawili kuitikiana mle ndani kama watoto wa chuoni. Baadaye nikaona ni mara ngapi nimetamka jina la faili nikasikia kimya, kumbe nimelisahau, na haya ikanitoka.

Sasa nije kwa Sidi. Ndiye mdogo wangu aliyenifuatia ziwa moja, mkimya, mtu wa kukujibu kwa kichwa. Mimba yake ya kwanza aliibeba kule nyumbani, akajifungua kwa shida, damu ikamtoka mpaka akawa mweupe kuliko shuka. Mtoto hakupona. Yeye alipona kwa sababu tulimkimbiza hospitali ya huko, tukapimwa ndugu wote pale pale, ikaonekana mimi na yeye ni kundi moja la damu, kundi O, na damu yangu ikaingia mwilini mwake huku nimelala kitanda cha pili namtazama. Kwa hivyo kundi la damu la Sidi silijui kwa kuambiwa. Nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Aliposhika mimba ya pili nilikwenda kumchukua mimi mwenyewe. Mumewe alikuwa akisita, nikamwambia, "Shemeji, huyu atajifungulia Mombasa, katika hospitali yenye kompyuta tuliyoitengeneza sisi." Nilijivuna, msinione hivi. Daktari alimpima, akasema tangu mwanzo kwamba damu huenda ikamtoka tena, kwa hivyo siku zake zikikaribia alazwe, na chupa ya damu iwe imeshatengwa kwa jina lake. Nikaona sawa, mambo yamekwenda kwa mpango.

Katika hospitali hiyo aliyekuwa akitupokea disketi ni Bi Zuhura. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chake, na seva ilikaa humo kwa sababu ndimo mlimokuwa na kipoza hewa. Mama wa Kibokoni, buibui limenyooka, udi unamtangulia. Kwake huingii ukasema shida yako hivi hivi. "Masalkheri, Bi Zuhura." "Masalkheri, mwanangu. Hujambo? Nyumbani? Wazee Kaloleni? Na Bwana Murtaza na ile presha yake?" Mkimaliza hayo ndipo unaweza kutaja disketi. Kazi aliijua vizuri. Alitia disketi, akangoja seva ifungue vifurushi, akafuta disketi kama tulivyomfunza, na baada ya siku chache akaturudishia kasha na disketi zikiwa tupu ili tuzitumie tena. Disketi zilikuwa ghali, hatukuzitupa ovyo.

Ila Bi Zuhura alikuwa na jambo lake. Mwajua wenyewe watu wetu, chombo cha jirani hakirudi kwao kitupu. Sahani ikija na mahamri, itarudi na kitu, hata kama ni embe mbili. Basi mara ya kwanza kasha liliporudi, nilifungua nikakuta disketi zimepangwa vizuri, na juu yake visheti! Visheti vimekolea shira vinang'aa. Tulivila tukalamba vidole. Kisha Bwana Murtaza akatia disketi moja kwenye mashine, mashine ikalia mlio ambao sijausikia tena, ikaganda. Fundi alipoifungua alikuta shira imetambaa mpaka ndani. Akatuuliza kama tunafanya kazi ya kompyuta au tumefungua mkahawa.

Nikatumwa mimi nikazungumze naye. Nilizunguka weee, nikasifu visheti, nikasifu mikono, hatimaye nikasema, "Ila mashine, Bi Zuhura, mashine haili sukari."

Akacheka, kisha haya zikamshika. "Sasa chombo cha watu nikirudishe kitupu, Dama? Mimi?"

"Hiki si chombo, Bi Zuhura. Ni kasha la disketi."

"Chombo ni chombo, mwanangu."

Lakini aliahidi hatatia tena kitu cha kula, na wallahi, kama anavyosema yeye, ahadi aliitimiza. Makasha yakawa yanarudi makavu kabisa. Nikajua yamekwisha.

Katika miezi ile hospitali ilikuwa imejaza namba za wagonjwa. Namba zao zilikuwa za tarakimu nne, zikawaishia. Tukavitengeneza upya vipande vyote vitatu ili vikubali tarakimu tano. Nilivifunga mimi, Bwana Murtaza akiitikia, nikavipeleka, vikakaa, wagonjwa wapya wakapewa namba ndefu, na Sidi akiwemo. Alipopimwa kliniki, kundi lake la damu liliingizwa mbele ya macho yangu. O. Vifurushi vya zamani, vile vya tarakimu nne, tuliviacha kando ndani ya seva hiyo hiyo, ili mambo yakiharibika tuweze kurudi nyuma. Hiyo ilikuwa desturi nzuri, na bado naisifu.

Kasha likarudi. Likakaa rafuni.

Siku zikafika, Sidi akalazwa, nami nikachukua ruhusa nimhudumie. Wiki hiyo hiyo hospitali ikataka badiliko dogo kwenye duka la dawa, jambo la kufunga mafaili machache tu. Kwa kuwa sikuwepo, Bwana Murtaza alifunga mwenyewe. Alisoma kwa sauti, binti aliyeshika kazi yangu ya zamani ya taipu akamwitikia. Kila alichokitia kilikuwepo, hakuna hata faili moja lililopungua. Disketi ikaenda, Bi Zuhura akaitia, seva ikafungua, na duka la dawa likafanya kazi vizuri bila kasoro.

Kesho yake saa za kuwatazama wagonjwa niliingia wodini na machungwa. Sidi amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye mto, na pale mbele ya kitanda wamebandika karatasi mpya iliyotoka kwenye printa. Mimi karatasi za printa yetu siwezi kuzipita bila kuzisoma, ni ugonjwa wa kazi. Jina, Sidi. Umri sawa. Namba sawa, tarakimu zote tano. Kundi la damu, B.

Nilisoma tena. B.

Machungwa yalinitoka mkononi, yakabingirika mpaka chini ya kitanda cha jirani. Sidi akaniuliza, "Dada, una nini?" Jamani, mwajua mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi B inakuwaje? Mwili wake unaipiga vita ile damu, figo zinasimama, na mara nyingi mtu hatoki. Nikamshika muuguzi aliyekuwa akipita. "Dada, huyu damu yake imeshatengwa?"

"Imeshatengwa, iko maabara. Daktari amesema iletwe wodini jioni hii, maana uchungu umeanza kumjia."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mlango wa maabara, na Otieno akiinua kichwa kutoka kwenye darubini. Otieno alikuwa kijana wa Kisumu, mpole, mtaratibu, na kompyuta nilimfunza mimi. Mezani kwake palikuwa na chupa ya damu, na ubavuni imebandikwa jina la mdogo wangu.

"Otieno, Sidi si B. Sidi ni O."

Akatazama skrini. "Kompyuta inasema B, Dada Dama."

"Kompyuta imekosea."

Si akacheka! Hakunicheka kwa ubaya, alidhani namtania. "Wewe ndiye unaniambia hivyo? Si wewe ulisimama hapo hapo ukatuambia tuamini mashine, eti mashine haisahau?"

Lo, maneno yangu mwenyewe! Nikamuuliza, "Lakini mmeipima damu yake pamoja na hii ya chupa? Mmezichanganya mkaona zinapatana?"

Akaitazama chupa. "Dawa za kupimia zimekuwa adimu. Tuliambiwa mgonjwa ambaye kundi lake liko kwenye kompyuta tusimpime mara ya pili."

Ati hawapimi! Ati watu wazima, wasomi, wameacha kutazama damu kwa macho kwa sababu sisi tumewaletea skrini. Wakati tunafunga vile vifurushi na kuitikiana "lipo, lipo", hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba nyuma ya mafaili yale hakuna tena mtu anayehakikisha. Nilijibandika mlangoni nikamwambia, "Chupa hii haitoki humu. Nipige, niitie askari, haitoki. Ipime."

Otieno hakuita askari. Alinitazama usoni, akachukua kichupa cha damu ya Sidi aliyotolewa asubuhi ile kwa kipimo kingine, akatoa kigae cheupe, akadondosha damu na dawa za kupimia. Tukainama wote wawili. Alikitikisa taratibu huku na huku. Damu ya Sidi ikabaki laini kwa dawa ya kundi A, ikabaki laini kwa dawa ya kundi B. O. Kisha bila kuambiwa na mtu, akachukua maji ya damu ya Sidi, yale yanayoelea juu damu ikitulia, akayachanganya na tone kutoka kwenye ile chupa iliyoandikwa jina lake.

Ikagandamana. Mbele ya macho yetu, katika muda wa kuhesabika kwa vidole, tone lile likakatika chengachenga, punje nyekundu zinaelea kwenye maji. Hicho ndicho kitu ambacho kingetokea ndani ya mishipa ya Sidi.

Otieno alivuta kiti akakaa. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, nilikuwa naipandisha sasa hivi." Halafu akaruka kutoka kitini, maana sote tumefikia wazo moja kwa pamoja, je, wengine? Akatoka mbio kwenda wodini kung'oa kila karatasi iliyochapishwa tangu jana. Wawili zaidi walikuwa na kundi lisilo lao. Hakuna aliyekuwa ametiwa damu bado, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka kesho.

Mimi nikaenda kwenye seva. Bi Zuhura alianza, "Masalkheri, mwana..." nikampita bila kumwitikia, na hilo peke yake lilimshtua. Nikafungua mahali pa maabara nikatazama tarehe za mafaili. Hayakuwa yale niliyoyafunga mimi. Yalikuwa ya zamani, ya tarakimu nne! Mapokezi wanampa Sidi namba ya tarakimu tano, na maabara inasoma nne za mwanzo tu, ya mwisho inaitupa, kisha inatoa kundi la damu la mtu mwingine kabisa. Ile B ilikuwa ya mzee mmoja fundi magari aliyelazwa hapo mwaka mwingine. Lakini nani aliyeyarudisha mafaili ya zamani? Disketi ya Bwana Murtaza bado ilikuwa imo kwenye mashine. Nikaitazama ndani. Kifurushi cha dawa. Na chini yake, kifurushi cha maabara.

Bi Zuhura alikuwa amesimama begani kwangu. Uso wake ukakunjuka kwa furaha. "Ah! Umeiona zawadi yangu?"

"Zawadi ipi, Bi Zuhura?"

"Si mulinikataza vya kula? Nikasema basi, kasha lao siwezi kulirudisha hivi hivi. Nikawachagulia kifurushi kimoja humu kwenye kompyuta, nikakitia kwenye disketi. Kile cha maabara, kilichotufaa zaidi kushinda vyote. Nikajua Bwana Murtaza ataona twaithamini kazi yake."

Nilimtazama mwanamke yule, na nawaapia, sikupata hasira. Nilipata kizunguzungu. Alifuta disketi kama tulivyomfunza, kisha akaona haya kuirudisha tupu, akatia alichokiona ni kizuri. Akachagua miongoni mwa vile vya zamani, maana kwake yeye vyote ni vifurushi vyetu. Bwana Murtaza akaipokea disketi kama tupu, akasoma kwa sauti kila alichokitia, na hakuna aliyesoma kilichokuwa kimeshakaa mle. Kisha seva yetu tiifu ikafungua kila ilichokikuta.

Nikamweleza polepole. Nilipofika kwenye chupa ya damu, Bi Zuhura alishika ukuta. "Mimi?" akasema. "Mimi, Dama? Kwa adabu yangu?" Akakaa chini sakafuni, na buibui lake lile lililonyooka, akaanza kulia. Bwana Murtaza nilimpigia simu, akafika amevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Aliitazama ile disketi, kisha akakaa mbele ya seva na siku hiyo hiyo akaifuta ile amri ya "kila inachokikuta". Aliiandika upya, seva ifungue kifurushi kilichotajwa kwa jina tu, na kama ni cha zamani kuliko kilichopo ikikatae. Tangu hapo na kusoma kwetu kukabadilika. Hatukusoma tena orodha ya tulichotia. Tuliiambia disketi yenyewe ituonyeshe kilichomo, na hicho ndicho tulichokisoma. Ninyi leo mnavifunga vifurushi vyenu kwa kubonyeza kitufe kimoja, hata hamvifungui kuvitazama, kisha mwaniambia mashine imeshahakiki. Mimi nikisikia hivyo natafuta kiti.

Nilirudisha kifurushi sahihi cha maabara, nikasimama pale mpaka Otieno akachapisha karatasi ya Sidi na ikasema O. Akamtafutia chupa nyingine. Akaipima, akaipima tena.

Na damu ikamtoka, vijana. Daktari hakukosea. Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika hivi punde, mtoto ametoka salama, msichana, analia vizuri, na chini ya Sidi shuka linalowa na muuguzi anaita. Otieno akaja na chupa mwenyewe, hakumpa mtu. Akasoma jina, muuguzi akaitikia. Akasoma namba, tarakimu tano, akaitikia. Akasoma kundi. Mlangoni Bi Zuhura alikuwa amesimama, macho yamemvimba, midomo inasema dua.

Waliitundika. Nikaona tone la kwanza linashuka ndani ya mpira, taratibu, linausogelea mkono wa mdogo wangu. Ni damu sahihi, nimeiona ikipimwa kwa macho yangu, na bado nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda kama mtu anayengoja kupigwa. Likaingia. Sidi akafumbua macho.

"Dada, mbona wanitazama hivyo?"

"Zungumza," nikamwambia. "Sema lolote, Sidi. Usinyamaze."

Na Sidi, ambaye ukimuuliza hujambo hukujibu kwa kichwa, akaanza kuzungumza. Akasema uji wa hospitali hii hauna chumvi wala sukari. Akasema jirani yake anakoroma. Akasema machungwa yangu mawili hayajapatikana bado, yako chini ya vitanda vya watu. Sauti ilikuwa ndogo, ndogo kabisa, na nilikuwa nimeinama sikio langu limekaribia midomo yake, nalia, namwambia endelea, endelea. Naye akaendelea mpaka chupa ikaisha.